Wajoli wa Gongoni

Gongoni, Tabora
12 Juni 2023

Hafsa shoga yangu,

Nimeshika kalamu kama tulivyoahidiana tangu tulipokuwa shule, ingawa simu iko hapa pembeni inanicheka. Barua hii anakuletea Valentino wa basi la Nzega. Matobolwa ya viazi yaliyomo kwenye mfuko ni yako, si yake, mwangalie mdomo kama unatafuna.

Mimi mzima. Tangu nistaafu ualimu nilidhani nitakaa nyumbani nihesabu kuku, kumbe Mungu alikuwa na lake. Matembezi yangu yamechanganya. Kila Jumamosi napokea wageni pale stesheni ya reli, tunapanda kwa miguu hadi boma la Wajerumani, tunakatiza sokoni, tunaingia Gongoni. Watoto wa mtaa wananiita Mama Gaidi, maana wageni wananiita gaidi kwa lugha yao, na watoto nao wamelichukua hivyo hivyo. Nimewakemea hadi nimechoka, sasa naitika.

Mama yako hajambo. Nikifika na kundi langu ananiuliza, "Umeniletea tena viatu vyako?" kwa sababu wageni wanavua viatu barazani hadi vinamwagika njiani. Ananung'unika, lakini kahawa inakuwa tayari na tangawizi haikosi. Nyumba yenu ndiyo mwisho wa matembezi na ndiyo wanayoikumbuka. Nawaeleza kwamba ilijengwa na Bwana Msabaha, tajiri wa pembe, ambaye misafara yake ilikwenda Ujiji na kurudi. Nawaambia mababu zangu walikuwa wapagazi, Wanyamwezi huru, wabeba mizigo kwa ujira, si watumwa wa mtu. Hapo napiga kifua.

Halafu namalizia na bibi zetu. Nawaambia bibi yangu Nyamizi, Mmoraviani, na bibi yako Zafarani, Mwislamu, walikuwa wajoli. Kila Ijumaa walikaa kwenye baraza hii wakichambua mchele, wakaitana "mjoli wangu" hadi meno yakawaishia. Wageni wanaipenda hiyo kuliko boma na Wajerumani wake wote. Mama mmoja wa Arusha alilia kwa jinsi dini mbili zilivyokaa mkeka mmoja.

Juzi Jumamosi alikuja bwana mmoja kutoka Dar, kanzu imenyooka, mtu mzima wa heshima zake. Njia nzima alinyamaza. Nilipofika kwenye habari ya bibi zetu akaniomba nirudie, akanirekodi kwenye simu. Nikarudia, tena nikaongeza chumvi kidogo. Akasema mimi ni hazina ya mji huu. Hebu fikiria, miaka yote niliyofundisha hakuna mkaguzi aliyewahi kuniambia hivyo.

Niandikie upesi. Msalimie shemeji.

Rafiki yako wa siku zote,
Suzana


Nzega
16 Juni 2023

Suzana,

Barua nimepata na matobolwa nimepata.

Huyo bwana wa kanzu anaitwa nani? Alisema ametoka kwa nani? Na uliyomwambia ni yapi hasa? Nataka neno kwa neno, bila chumvi yako. Neno lile ulilitamka? Ulisema nani alimwita nani, bibi yako alimwita wangu, au wangu alimwita wako?

Usiniulize kwa nini. Na mpaka nitakapokuandikia tena, wageni wako wapitishe njia nyingine. Mama anaumwa miguu, hawezi mikutano.

Hafsa


Gongoni, Tabora
20 Juni 2023

Hafsa,

Barua gani hii, kama ya polisi? Hata salamu hakuna. Na mama haumwi miguu. Jana nimemkuta juu ya kigoda anapangusa buibui wa darini, nikamshusha mimi mwenyewe. Kama umenuna kwa sababu nawapeleka wageni nyumbani kwenu bila kukuomba ruhusa, sema, tusizungukane.

Haya, majibu yako. Bwana yule anaitwa Uwesu. Na hapo ndipo utakapofurahi: amerudi Jumatano akaniambia yeye ni kitukuu cha Bwana Msabaha mwenyewe! Ni damu yenu, Hafsa. Nilimchukua moja kwa moja hadi kwa mama. Alimpa shikamoo, akambusu mkono, akanywa kahawa vikombe viwili. Akazunguka uani, akagonga gonga kuta, akasema nyumba hii inataka mtu wa kuirudishia hadhi yake. Mama alikuwa kimya tu, nikajua ni haya za mgeni.

Neno nililitamka, kwani lina nini? Nilisema walikuwa wajoli, na waliitana hivyo wote wawili, huyu kwa huyu. Si nimewasikia kwa masikio yangu, nimelala miguuni mwao nikiwa mdogo? Bwana Uwesu alipendezwa mno. Aliniomba nimfikishe kwa wazee wawili watatu wa mtaa nikalirudie mbele yao, ili historia isipotee, alisema. Nikamfikisha. Mzee Ngollo, yule kipofu wa karibu na msikiti, aliposikia aliinamisha kichwa. Uzee ule. Bwana Uwesu akaniuliza kama naweza kuapa, nikamwambia naapa mara saba.

Sasa niambie nimekosa wapi.

Suzana


Nzega
24 Juni 2023

Suzana,

Nilidhani watoto wa Gongoni wanakutania. Kumbe wewe ni gaidi kweli.

Umefundisha Kiswahili miaka yote ile, ukachapa watoto wa watu kwa ajili ya ngeli, na hujui neno "mjoli"? Kwenu kanisani mjoli ni mtu wa kwaya. Najua, si mna Kwaya ya Wajoli, akina mama wenye sare za bluu, wajoli katika kazi ya Bwana. Sisi watu wa Gongoni neno hilo hatukulipata mimbarini. Kwetu mjoli ni mtumwa mwenzio. Mmenunuliwa na bwana mmoja, mnakula sufuria moja, mnapigwa na mkono mmoja. Ndiyo maana hujalisikia sebuleni kwa mtu yeyote katika mtaa ule. Bibi zetu waliitana hivyo wakiwa wawili peke yao, na wewe mtoto umelala miguuni, hawakujua unakusanya ya kuwatangazia wageni.

Sasa nikueleze ambalo mtaa mzima unalijua na mtaa mzima una adabu ya kulinyamazia. Nyumba ile ni wakfu. Bwana Msabaha aliifunga kwa ajili ya kizazi chake, wakae wao, asikae mtu wa nje. Bibi Zafarani alisema yeye ni binti yake, aliyezaliwa na suria. Mtoto wa suria ni mtoto wa bwana, ana haki zote. Kwa kauli hiyo alikaa, akamzaa mama humo, mama akanizaa mimi humo. Hakuna aliyemuuliza. Uwesu amekuja mara mbili huko nyuma kutafuta wa kumuuliza, akakuta midomo imefungwa. Safari hii alikukuta wewe, mdomo wazi, na unamshukuru kwa kukusikiliza.

Jana mama ameletewa wito. Wasimamizi wa wakfu watakaa tarehe 8 Julai, Jumamosi ya pili baada ya Idi. Uwesu anasema mama si damu, ni binti wa mtumwa aliyejipenyeza, atoke. Mama ana miaka themanini na tatu. Mdomo uliponza kichwa, na kichwa kilichoponzwa ni cha mama yangu.

Iko njia moja. Utakwenda mbele ya baraza useme hivi: bibi yako Nyamizi alikuwa mtumwa wa nyumba ile, na bibi yangu alikuwa binti wa bwana. Nyamizi alimwita "bibi", kama mtumwa amwitavyo bi mkubwa wake. Zafarani ndiye aliyemwita mwenzake mjoli, kwa mapenzi na utani, kumkweza. Ni maneno machache na bibi yako amekufa, hatayasikia. Wewe si unajua kuongeza chumvi? Basi iongeze mahali itakapofaa.

Na ukweli wenyewe usiniulize.

Hafsa


Gongoni, Tabora
30 Juni 2023

Hafsa,

Idi imepita sikuja kula pilau kwa mama. Nilifika hadi kona ya msikiti nikarudi.

Nimelia hadi nimejichukia. Halafu nikasoma barua yako mara ya pili, nikakasirika. Unajua ulichoniomba? Unataka bibi yangu awe mtumwa wa bibi yako. Hukusema "tuseme wote". Umesema wa kwangu. Hata katika uongo umehakikisha wa kwenu anakalia kiti na wa kwetu anashika ufagio.

Nilipanda treni hadi Kigwa kumuuliza kaka yangu Ezekia. Nikamwambia, kaka, bibi Nyamizi alikuwa mtu wa wapi? Akasema Mnyamwezi. Nikasema wa ukoo gani, kijiji gani? Akatoka nje kwenda kutazama ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wameshafungwa. Usiku ule nikaanza kukumbuka. Sijawahi kumwona bibi akienda msibani kwao. Hatukuwahi kupokea mgeni wa upande wake, mjomba au binamu, hata mtu wa kuja kuomba chumvi. Kinyamwezi alikisema kwa lafudhi ambayo babu alikuwa akimcheka. Wapagazi ninaowapigia kifua ni wa upande wa babu. Upande wa bibi nimekuwa naujaza mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi.

Nitasema. Si kwa ajili yako, ni kwa ajili ya mama, aliyenilisha nikiwa mtoto bila kuniuliza dini. Tarehe nane nitakuwapo na nitasema kama ulivyoandika.

Suzana


Gongoni, Tabora
9 Julai 2023

Hafsa,

Jana uliondoka bila kuniangalia. Nimepiga simu, umenizuia. Basi nakuandikia, Valentino ameniahidi atakukabidhi mkononi hata ukimtukana.

Nilikuwa nimeyashika yale maneno, naapa. Tangu alfajiri nilikuwa nayarudia kama mtoto wa darasa la kwanza. Lakini uliona jinsi ilivyokuwa. Uwesu alikuwa amejaza watu. Wanafunzi wangu wa zamani walikuwa madirishani, wengine na watoto wao. Yule binti anayeuza vitumbua kwenye njia ya wageni wangu naye alikuwapo. Kisha akasimamishwa Mzee Ngollo, na kipofu yule akasema kwamba Nyamizi alikuwa mtumwa wa Msabaha, hilo halina ubishi, mama yake alimwonyesha kisimani, akiwa mtoto na bado anaona, akamwambia mtu yule alinunuliwa. Alisema polepole, kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonichoma. Nikasikia watu nyuma yangu wanavuta pumzi. Mtu mmoja akacheka, "Kumbe Mama Gaidi naye." Umelisikia hilo? Mimi nilisikia hilo tu.

Ndipo mwenyekiti akaniuliza. "Na Zafarani alikuwa nani kwake? Alikuwa bibi yake?"

Ilikuwa nijibu ndiyo. Ndiyo moja tu, na mama angelala nyumbani kwake. Nilifungua mdomo niseme ndiyo, na nikasikia mdomo wangu unasema, "Bibi yangu hakuwa chini ya Zafarani. Walikuwa sawasawa."

Nilipoona Uwesu anakunja kanzu yake na kukaa, ndipo nilipoelewa nilichosema. Ngollo alikuwa ameshamfanya wangu mtumwa, nami nikamvuta wako chini kwa mkono wangu, kwa sababu sikuweza kuvumilia abaki juu.

Sisingizii kwamba nilisahau wala kwamba nilichanganyikiwa. Ilikuwa kiburi. Sijui niseme nini kingine. Naomba nije Nzega nikuangukie, wewe kwanza, halafu mama.

Suzana


Gongoni, Tabora
2 Septemba 2023

Hafsa,

Hii ni barua ya nne tangu ile ya Julai. Tatu Valentino amezirudisha, bahasha hazijafunguliwa. Hii nimemwambia amkabidhi mama.

Nilikuwapo siku mama alipohama. Nilisimama ng'ambo ya barabara. Vyombo vyake vyote vilienea kwenye gari moja la Noah, na birika la kahawa alilipakata mwenyewe. Hakugeuka kuitazama nyumba. Mimi alinitazama.

Nyumba imepakwa rangi nyeupe. Uwesu ameweka vitanda vya wageni na mashine ya kahawa inayopiga kelele. Kwenye ukuta kuna kibao kipya, Makazi ya Bwana Msabaha, na picha ya bwana huyo ambayo sijui ameitoa wapi. Ameniita akaniambia niendelee kuleta watu, ila bibi zetu niwaache, wageni wanaolala hawapendi habari za utumwa kabla ya chakula.

Nimewapitisha wageni hapo mara mbili. Mara ya kwanza nikaeleza nakshi za mlango tu. Mara ya pili nikanyamaza, wakadhani nimechoka, mmoja akaniletea maji. Habari za wapagazi huru sizisemi tena. Hafsa, kama hutaki kunijibu lingine nijibu hili: nikifika pale mlangoni niseme nini?

Suzana


Nzega
1 Oktoba 2023

Suzana,

Sikukusudia kukujibu. Mama ndiye aliyenikalisha kwenye mkeka akanipa kalamu, na mtu wa miaka themanini na tatu hakataliwi.

Hajafa, usije ukaikusanya kwaya. Yuko hapa nyuma ya duka la mume wangu, kwenye chumba tulichokuwa tunaweka magunia. Jioni anachemsha kahawa na hana wa kumpa, watu wa mtaa huu wanakunywa soda. Jumamosi anaamka mapema anafagia, halafu anasimama mlangoni ananiuliza mbona viatu havijafika. Mwanzoni nilidhani anatania. Sasa naingia ndani nisimjibu.

Nilimuuliza ukweli. Sikuwahi kumuuliza maisha yangu yote, niliogopa jibu kama wewe ulivyoliogopa. Wala hakushtuka. Akasema, "Waliletwa siku moja, watoto wadogo, Wajerumani wakiwa tayari bomani na biashara ikifanywa kwa kificho. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Waliambiwa nyie ni wajoli, na hilo ndilo neno la kwanza la Kiswahili walilolijua wote wawili." Nikamwambia, basi bibi alidanganya miaka yote. Akasema alidanganya ili apate paa, na Nyamizi alijua akamfichia mpaka kaburini. Halafu akasema, "Wao hawakulionea haya. Haya tumeziona sisi."

Sijakusamehe. Ulikuwa na neno moja la kumwokoa mama, ukakipa kiburi chako. Na mimi nisijifanye malaika: nilitaka kumshusha bibi yako ili mama yangu akae juu yake, wakati yule mwanamke alimfichia bibi yangu hadi kaburini. Nikiwaza hivyo sipati usingizi, halafu nakumbuka chumba cha magunia, nakasirika upya na ninalala.

Umeuliza useme nini. Mambo ya wapagazi huru yaache, wana watu wa kuwasemea. Simama kwenye mlango huo, taja majina yao mawili, sema waliuzwa na sema nyumba hii waliifagia wao. Uwesu akikufukuza, semea barabarani, barabara si wakfu. Ya dini mbili kukaa mkeka mmoja yatoe, watu wasilie machozi ya bure.

Huku usije. Mama anakutaka, mimi sikutaki, na nyumba hii ni yangu.

Namalizia kwa neno lile lile. Safari hii lichukue kwa maana ya Gongoni, si ya kwaya.

Mjoli wako,
Hafsa